Tupeane uzoefu: lugha ya pili ilikuingiaje?

Mwalimu_Ahero: Nafundisha Kiswahili darasa la nne, watoto wa Kijaluo kitupu. Mwaka wa kwanza niliwakaririsha kama kasuku: kitabu changu kimepotea, vitabu vyangu vimepotea. Mtihani wanapita. Kengele ikilia, mtoto ananijia mbio: "Mwalimu, kitabu yangu amepotea!" Si uzembe, Kijaluo hakina ngeli. Chuoni tulisomeshwa Krashen, yule Mmarekani: lugha huingia ukisikia unachokielewa, kikiwa na kajipya kidogo tu juu yake. Nilijibia mtihani nikasahau. Siku hizi kila asubuhi nawasimulia dakika kumi habari za soko, samaki, maji ya mto Nyando. Ngeli sizitaji. Muhula wa tatu "kitabu changu" ikaanza kutoka yenyewe, kwa wachache lakini. Nyinyi je?

Nyar_Kondele: Mimi ni "sikamoo" iliyoniponza. Kwetu, kwa Kijaluo, hakuna "sh". Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka, nikakaa miaka miwili sinyanyui mkono. Huyo huyo Krashen anasema hofu ni chujio: maneno yanamwagwa, hayapiti. Kiswahili nilikipata soko la Kibuye nikiuza mitumba. Mteja hana haja na "sh" yako, anataka bei.

Mwana_wa_Kakamega: Ngeli kwangu zilikuwa mteremko, omundu na abandu vya Kiluhya ni mtu na watu tu. Kiingereza ndicho kilinitoa jasho. Ukiongea Kiluhya unavishwa kibao shingoni mpaka umnase mwenzako. Nikagundua kunyamaza hakuna adhabu, nikanyamaza.

Dada_Nakuru: Mwalimu, hapo kwa Krashen tutakosana. Nimesoma Kijerumani, nataka kwenda kufanya uuguzi. Miezi minane nasikiliza, naelewa vizuri tu. Mtihani wa kuongea nikabaki "ich… ich…" Merrill Swain aliliona hilo Kanada, akaandika 1985: watoto wa Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi walielewa karibu kama wenyeji, ila wakifungua mdomo, makosa. Lazima uitoe ndipo ujue unapokwama.

Mwalimu_Ahero: Dada, nimekusikia. Leo nimewaachia wao wasimulie, wawili wawili, omena, yaani dagaa, hupikwaje. Mmoja ambaye sijamsikia tangu Januari akasema, "Omena anakaushwa kwa jua." Nikampigia makofi. Baadaye ndio nikawaza: huyu amepata ngeli kweli, ama ni vile kwake hata kitabu "anapotea"?