Mjadala: Tukijua hatari ya maradhi, tutaacha kupanda boti?

Asalaam alaykum. Kila yakizuka maradhi husikika kauli ileile: waelezeni watu hatari, wataacha kusafiri wenyewe. Mimi naipinga, na ushahidi upo hapa visiwani.

Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Muhimbili. Chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimeshatangaza kwamba ana korona, wakati ambao wachache walithubutu kulitamka neno hilo hadharani. Kwa hiyo watu walijua. Na bado walikwenda kwa maelfu kumzika kwao Mtambwe, Pemba. Siwalaumu. Maziko si safari ambayo mtu hukaa akaipigia hesabu. Linaloahirishwa ni tembezi la sikukuu.

Na hesabu yenyewe tungeipiga kwa kipi? Takwimu za korona zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 nchi nzima, zikabaki hapo hadi mwaka uliofuata. Mtu wa Wete aliyetaka kuja Unguja alitegemea maneno ya barazani.

Basi nguvu ziende kwenye boti: abiria wapunguzwe, watu wakae juu penye upepo, na mwenye homa abadilishiwe tiketi bila kukatwa nauli.

*Jawabu, kutoka Chake Chake*

Waalaykum salaam kaka. Umewasahau wazee. Mama yangu ana sukari. Tulipomweleza namna maradhi yale yanavyowaelemea watu kama yeye, alikataa mwenyewe kuvuka kwenda harusini Unguja, na alilia. Hakuna aliyemzuia. Halafu mazikoni wageni huondoka baada ya hitma. Anayebaki na kikohozi ni bibi wa kijijini, na akizidiwa ndiye atakayevushwa bahari kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mimi nasema waende ndugu wa karibu, wengine wamsomee marehemu hitma huko huko waliko.

*Mwanzisha mada*

Dada, la kusoma hitma mtu alipo nalikubali. Lakini mama yako alielezwa yeye, kwa hali yake, na watoto wake anaowaamini. Sisi wengine tuliambiwa sote kwa jumla "chukueni tahadhari", na aliyesema hatumjui.

Wasafiri wa Mkoani na Wete, semeni nanyi: nauli yako ikiwa salama, ungebaki nyumbani na homa yako hata kama kuna msiba ng'ambo?