Appaloosa au Knabstrupper? Nisaidieni kuamua

BintiTanga
Wadau, salaam. Niko Minnesota. Binti yangu ana miaka 13 na anataka farasi wa madoadoa, mwingine hamtaki kabisa. Tumeona Appaloosa mmoja, na kuna mama anauza Knabstrupper kwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Wanatofautiana nini? Atakuwa anampanda jioni, akitoka shule.

MchungaIdaho
Karibu dada. Mimi mwaka wa nane huu nahudumia Appaloosa. Asili yao ni farasi wa watu wa Nez Perce, wenyeji asilia wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, na jina lao limetokana na mto Palouse. Mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis alipita kwao mwaka 1806 akawasifu farasi hao kwenye shajara yake. Halafu ikaja vita ya 1877 na jeshi la Marekani. Watu wa Nez Perce walikimbilia Kanada na watoto, wazee na mifugo, wakazingirwa Montana zikiwa zimebaki kama kilomita 65 wafike mpakani. Farasi wao wakatawanywa. Chama cha kuifufua mbegu hiyo kiliundwa 1938 tu. Kila nikimpiga brashi mmoja wao nawakumbuka watu wale.

Utamtambua kwa ngozi yenye vidoa puani na mdomoni, kwato za mistari, na weupe wa jicho unaoonekana kama wa binadamu. Singa za shingo na mkia mara nyingi ni haba. Kwa mtoto, mimi ningechukua huyu.

MzeeOdense
Knabstrupper ni wa huku Denmark. Mwaka 1812 Villars Lunn, mwenye shamba la Knabstrupgaard, alinunua jike aliyeitwa Flaebehoppen, akampandisha kwa dume wa Frederiksborg, mbegu nyingine ya huku Denmark. Uzao wote ulianzia hapo. Mara nyingi huwa mrefu kidogo kuliko Appaloosa, na anafaa sana kuruka vizuizi. Ila mwaka 1971 madume watatu wa Appaloosa waliletwa hapa kuongeza damu, kwa hiyo unalinganisha ndugu.

DaktariMifugo
BintiTanga, umesema jioni, nami hapo ndipo ninapotaka utulie. Madoa ya wote wawili yanatokana na jeni moja (chembe ya urithi) iitwayo LP. Farasi aliyeirithi kwa baba na mama haoni gizani tangu kuzaliwa. Mara nyingi huyo ndiye mweupe karibu mwili mzima, mwenye vidoa vichache; mwenye madoa tele kwa kawaida ana nakala moja tu ya jeni hiyo. Maabara hupima kwa nywele zilizong'olewa na mizizi yake. Tena Appaloosa hushikwa sana na uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia, na humaliza kwa upofu. Wote wawili wapimwe macho kabla hujalipa.

BintiTanga
Daktari, Mungu akubariki. Yule Knabstrupper ni mweupe pee, ana vidoa shingoni tu! Namwandikia mama sasa hivi anitumie nywele zake.