Mtoto kahamia Mbeya kutoka Zambia: kayumba au inglishi midiamu?

Mama wa Iyunga

Wadau habari zenu. Naleta hii hoja maana juzi kwenye kikoba chetu nusura tugombane. Kuna mwenzetu mume wake kahamishiwa hapa Mbeya kutoka Mpika, Zambia, kazi ya reli, wana watoto wawili, mmoja miaka kumi mwingine sita, Kiswahili chao ni cha kusalimia tu. Kikoba karibu kizima kikamwambia usithubutu kuwapeleka kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, utawaua hao watoto, tafuta inglishi midiamu hata kwa mkopo. Mie nikasema hapana, wapeleke shule ya serikali iliyo jirani na nyumbani. Nikanyamazishwa, sasa naisemea hapa.

Hili nimelipitia mwenyewe. Januari 2019 nimerudi na mwanangu wa kwanza toka hukohuko Mpika, kamaliza gredi ya tatu, na kila mtu ananiambia huyu anatoka Zambia ana Kiingereza. Kiingereza kipi jamani? Kuanzia 2014 shule za serikali kule zilikuwa zinafundisha gredi ya kwanza mpaka ya nne kwa lugha ya eneo, Mpika ni Kibemba, halafu Kiingereza ndo kinashika gredi ya tano. Kwa hiyo wangu alikuwa anasoma Kibemba vizuri kabisa, Kiingereza anaokoteza. Ningempeleka inglishi midiamu ningembebesha lugha mbili ngeni kwa mkupuo, Kiingereza darasani na Kiswahili uwanjani. Nikampeleka kayumba, wakamwanzisha darasa la tatu. Miezi miwili ya kwanza alikuwa analia kila asubuhi, sifichi. Lakini Kibemba na Kiswahili ni ndugu, abantu ni watu, abana ni wana, inama ni nyama, mtoto anashika kamba moja anavuta nyingine, na mwezi wa sita namtuma sokoni Mwanjelwa na orodha kichwani anarudi na chenji sahihi.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, nilihesabu mwenyewe siku ya kikao, na hilo liliniuma na bado linaniuma. Ila wale tisini ndo waliomfundisha Kiswahili, mie na mwalimu tulisaidia tu. Na ada hamna, unabaki na uji, daftari na michango midogo. Mnaosema inglishi midiamu nipeni sababu nyingine zaidi ya aibu ya mtaani.

Dereva Tunduma

Dada nakuheshimu ila hapa umemwangalia mwanao tu. Mie napiga semi Lusaka kwenda na kurudi, familia ilikuwa Kabwe, nikaileta Tunduma binti yangu ana miaka 11, yuko gredi ya tano, yaani Kiingereza kimeshaanza kukaa. Shule ya serikali wakamrudisha darasa la tatu kisa Kiswahili. Msichana mrefu kuliko wote, kakaa nyuma na watoto wa miaka minane, kila akifungua mdomo wanacheka matamshi. Baada ya miezi minne akawa haongei hata nyumbani! Mkewangu ndo aliyeniamsha, anasema mtoto anakula uji tu halafu analala. Nikamtoa, nikampeleka inglishi midiamu ya hapa, ada milioni na ushee kwa mwaka, wakampokea darasa la tano moja kwa moja, akarudi kuwa mtu.

Na ukae ukijua fomu wani masomo karibu yote ni Kiingereza. Sasa unamvunja akiwa na miaka kumi ahame Kiingereza aje Kiswahili, alafu unamvunja tena akiingia sekondari arudi Kiingereza. Na kwa sera mpya ya elimu, ile toleo la 2023, msingi inakwenda kuwa miaka sita badala ya saba, maana yake sekondari inamkuta mapema zaidi. Hiyo sio aibu ya mtaani dada, ni hesabu. Tena serikali yenyewe ina shule zake za kufundisha kwa Kiingereza, Dar wana Olympio na Diamond, Arusha kuna Arusha School. Kama Kiswahili kinatosha hizo ni za nini?

Mzazi Kyela

Mie nilitoka Karonga, naongeza dogo tu. Malawi mwaka wa shule unaanza Septemba, kwetu Januari. Wangu walimaliza standadi ya tatu mwezi wa saba, nikawaweka nyumbani mpaka Januari, kazi ni kucheza na watoto wa jirani na tuisheni ya Kiswahili jioni. Walivyoanza shule hawakulia hata siku moja. Huo muda ndo ulionisaidia kuliko jina la shule.

Mwalimu wa darasa la nne, Mbeya jiji

Nafundisha shule ya serikali, mwaka wa kumi na mbili huu, niseme ninachokiona.

Wa miaka sita hana mjadala. Darasa la kwanza hata wa hapahapa wengine wanaingia na Kisafwa au Kinyakyusa tupu, tunaanza nao kusoma, kuandika na kuhesabu, Pasaka hujui nani katoka wapi. Shida ni wa miaka kumi. Kwetu darasa la nne kuna upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, na karatasi zote ni Kiswahili isipokuwa ya Kiingereza. Mtoto akitua hapo kati ya mwaka anajibu swali la sayansi kwa kubahatisha, wakati sayansi anaijua. Nina mmoja mwaka juzi alinichorea mmea wote na sehemu zake vizuri, akashindwa kuandika neno mzizi. Aanze la tatu Januari, sio Julai. Kaka wa Tunduma, binti yako alishapita umri huo, kumrudisha madarasa mawili bila mtu wa kumsimamia ni kosa la sisi walimu, nalikubali.

Halafu wazazi mnabishania lugha mnasahau makaratasi. Njoo na cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho na ripoti ya kule, mwone mwalimu mkuu, kisha afisa elimu msingi wa halmashauri, na usiondoke bila kuhakikisha mtoto kapewa namba ya PREM, ile ya kumtambua mwanafunzi kwa NECTA, Baraza la Mitihani. Bila hiyo hasajiliwi mtihani wa taifa. Nimeona mama analia mlangoni mwezi wa nane kwa sababu ya hiyo namba.

Na kuchagua shule usichague kwa rangi ya basi. Matokeo ya darasa la saba NECTA wanaweka shule kwa shule, tazama ya miaka mitatu sio mmoja. Nenda saa nne wakati wa uji, angalia kama uji upo kweli. Uliza darasa la tatu lina walimu wangapi. Na umbali, jamani, mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mtoto aliyezoea joto akitembea kilomita nne saa kumi na mbili asubuhi anafika kafa ganzi, kalamu haishiki.

Mama wa Iyunga

Asante mwalimu, shikamoo. Kaka wa Tunduma hilo la binti limeniingia, na kwa mtoto aliyeshavuka gredi ya nne narudisha maneno yangu nyuma, nilikuwa nasema kama watoto wote ni mwanangu. Ila kwa hawa wawili wa mwenzetu sibadiliki. Yule mkubwa yuko gredi ya tatu, Kiingereza hana, na mkopo wa ada utawatoa kwenye nyumba kabla hajafika la saba. Tumekubaliana Jumatatu saa nne naenda naye shule ya hapa jirani kuuona huo uji, na nimeshamtolea sweta mbili za wanangu.