Naomba ushauri: dakika kumi za marudio, maneno 120, nianze na yapi?

MwalimuChaki:
Ndugu wanajukwaa, nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, darasa la wanafunzi 60 ambao wengi wao wamesoma kwa Kiswahili hadi la saba. Nina maneno 120 wanayopaswa kuyashika kabla ya mtihani wa muhula, na dakika kumi za marudio kila kipindi hutosha maneno 15 tu. Nimekuwa nikiyarudia kwa zamu, lakini "borrow" na "lend" bado yanawachanganya, kwa kuwa kwao yote ni kuazima, ilhali "book" hakuna asiyelijua. Je, hesabu inaweza kuniamulia neno la kurudia leo?

Kikokotoo:
Inaweza, Mwalimu, mradi utaje lengo, yaani maneno mengi iwezekanavyo yakumbukwe siku ya mtihani, na mpaka wako, yaani zile dakika kumi. Mwaka 1972 Richard Atkinson wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha jaribio la maneno 84 ya Kijerumani, ambalo wanafunzi walipimwa tena baada ya wiki moja. Waliopangiwa maneno bila utaratibu walikumbuka asilimia 38, waliojichagulia wenyewe 58, na waliopangiwa kwa hesabu iliyozingatia ugumu wa kila neno 79. Hesabu iliyochukulia kwamba maneno yote yana ugumu sawa iliishia 54, chini ya wanafunzi waliojichagulia! Zamu yako ina kasoro hiyo hiyo.

BiSauda:
Kompyuta si lazima, Mwalimu wangu. Mimi huandika kila neno kwenye kipande cha manila na kukiweka katika kisanduku cha kwanza. Darasa likijibu vizuri, kinahamia kisanduku kinachofunguliwa mara chache zaidi. Likikosea, kinarudi cha kwanza. Wabadilishane madaftari, wasahihishane, kisha uhesabu mikono.

MwalimuChaki:
Nashukuru, Bi Sauda. Hofu yangu ni kwamba maneno magumu yatameza dakika zote.

Kikokotoo:
Ndiyo maana kinachopimwa ni ongezeko, si ugumu peke yake. Neno wanalolijua 58 kati ya 60 halina la kukuongezea leo, na lililorudiwa mara sita bila mkono mmoja kuongezeka linahitaji mfano mpya, hivyo lipishe mengine kwanza. Usishtuke pia mikono ikipungua katika hizo dakika kumi: katika jaribio la Atkinson, kundi lililoongoza baada ya wiki ndilo lililokosea zaidi wakati wa kujifunza, kwa kuwa lilikuwa likiulizwa yale ambayo halijayashika.