Michezo ya video kwenye tuzo ya hadithi: tuihukumu vipi, na kwa mashine zipi?

Kadutu_Kitabu (Bukavu) anauliza

Jambo wakubwa na wadogo. Kundi letu la wasomaji hapa Bukavu linatoa cheti kila mwaka kwa hadithi bora ya bunilizi ya kisayansi au fantasia. Mpaka sasa ni vitabu na hadithi fupi tu. Mwaka huu vijana wameomba michezo ya video nayo ihesabiwe. Waamuzi ni saba. Watatu hawajawahi kushika manete, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, na mmoja, Mwalimu tunayemheshimu sana, amesema wazi kwamba mchezo ni mchezo na hadithi ni kitabu.

Tulicho nacho: laptopu mbili za RAM ya gigabaiti 4 zisizo na kadi ya picha, simu za Android, diski moja ya nje, na mega za intaneti za kununua kidogo kidogo. Umeme mnaujua wenyewe. Muda ni wiki nane.

Naomba kujua mambo matatu. Tuzo kubwa za fasihi hii zinatambua michezo, na zilianzaje? Michezo gani itakubali kwenye mashine zetu? Na mtu asiyejua kucheza ataihukumuje bila kudanganya?

Himbi_7 (Goma) anajibu

Yaya, mwambie Mwalimu kwamba ubishi huo tuzo zenyewe zilishaupitia, na hazikuumaliza siku moja. Hugo, tuzo inayopigiwa kura na mashabiki na kutolewa kila mwaka kwenye kongamano lao, ilijaribu mwaka 2006: kipengele kikatangazwa, mapendekezo yakawa machache mno, kikafutwa kabla ya kura. Mwaka 2021 kikarudi kwa mara moja tu, kama kipengele maalumu cha mwaka ule, na Hades ya studio ya Supergiant ikashinda. Tangu 2024 kimo ndani ya kanuni. Mwaka huo Baldur's Gate 3 ilichukua tuzo Glasgow, na 2025 Caves of Qud ikaichukua Seattle.

Nebula, ambayo wapiga kura wake ni waandishi wenyewe, ilifungua kipengele cha uandishi wa michezo kwa kazi za mwaka 2018. Mshindi wa kwanza hakuwa hata mchezo kwa maana ya mtaani: ilikuwa Bandersnatch, filamu ya Netflix ambayo mtazamaji anachagua njia kwa rimoti. Baadaye Hades ilishinda huko pia, kisha Elden Ring, kisha Baldur's Gate 3.

Angalieni tofauti ya hizo mbili, maana itawagonga siku ya kuandika cheti. Nebula inatuza uandishi, kwa hiyo majina ya waandishi ndiyo yanayotajwa. Hugo inatuza kazi nzima. Elden Ring inaonyesha ugumu wenyewe: mwandishi wa riwaya za fantasia George R.R. Martin aliandika historia ya kale ya ulimwengu ule, halafu mwongozaji wa mchezo, Hidetaka Miyazaki, na timu yake wakaivunja vipande na kuvitawanya kwenye maelezo ya panga, pete na magofu. Hakuna msimulizi wa kukueleza nani alimsaliti nani, unaokota mwenyewe. Mkituza maandishi peke yake, mtatuza sentensi mbili mbili zilizobandikwa kwenye vitu, na kazi kubwa ya kuvipanga mahali pake itabaki nje. Mimi ningechagua njia ya Hugo, kazi nzima.

Na lile la 2006 lisiwapite. Msifungue kipengele kabla ya kuhesabu ni watu wangapi katika kundi wamemaliza walau michezo miwili. Wakiwa chini ya kumi, waamuzi watengeneze orodha fupi wenyewe, wasingojee mapendekezo.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi) anajibu

Nitashika upande wa mashine.

RAM ya gigabaiti 4 bila kadi ya picha inawafungia milango mingi: Baldur's Gate 3 na Elden Ring sahauni. Tales of Kenzera: Zau ya 2024 ndiyo inayouma zaidi. Inatumia mila za Kibantu, kijana shamani anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba yake, na unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili. Lakini laptopu zenu haziiwezi. Kama kuna mtu ana mashine ya michezo ya PS5 au Switch, mwombeni jioni mbili.

Zinazowezekana ni hizi. 80 Days ya inkle, 2014, inakaa kwenye simu: ni safari ya kuzunguka dunia mwaka 1872, ila dunia yenyewe imejaa mitambo ya ajabu, na wewe ni mtumishi anayebeba mizigo. Safari moja ni saa mbili au tatu, kwa hiyo kila mwamuzi anaweza kuifanya mara tatu kwa njia tofauti. Ni ya Kiingereza, asiyekisoma akae na mwenzake. Planescape: Torment ya 1999, au toleo lake jipya la 2017, inakwenda hata kwenye kompyuta ya bibi. Ina maandishi ya kama maneno 800,000, msiianze mkiwa na haraka. Disco Elysium ya 2019 itakubali, ila kwenye diski ya zamani ya kuzunguka kila mlango unaofungua utakungojesha. Hades itajikokota, shusheni picha hadi 1280 kwa 720. Aurion ya Kiro'o Games, studio ya Yaoundé, ilitoka 2016. Ina Kifaransa, imechorwa kwa mkono, na ni fantasia ya Kiafrika: mwana wa mfalme anapinduliwa siku ya kutawazwa, na nguvu zake za vita zinatoka kwa urithi wa mababu.

Sasa mega. Nunueni kwenye GOG, duka la michezo la mtandaoni, pale inapowezekana, kwa sababu inatoa faili za kusakinisha zisizodai intaneti tena. Disco Elysium, Planescape na Caves of Qud zipo huko. Mtu mmoja anapakua usiku, mahali penye laini nzuri, analeta kwenye diski. Yanayoharibika hapo ni mawili. La kwanza: faili kubwa inagawanywa, moja ya .exe na nyingine za .bin. Zote zikae katika folda moja na majina yasiguswe. Ikikosekana moja, usakinishaji unafika katikati unagoma. La pili: diski ikiwa ya mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, nayo kompyuta itasema faili ni kubwa mno kwa diski hiyo hata kama diski ni tupu. Ifomatini kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kufomati kunafuta vyote. Kwa Disco Elysium acheni gigabaiti 20 wazi kwenye laptopu, mbali na faili za kusakinisha zenyewe.

Michezo ya Steam, duka jingine la mtandaoni, nayo inaweza kuchezwa bila intaneti, ila kwanza uingie ukiwa na laini, ufungue mchezo mara moja mpaka umalize masasisho, ndipo uwashe hali ya nje ya mtandao. Ukiruka hatua hiyo, siku ya kikao utakutana na dirisha la kuomba nywila.

Umeme: laptopu ya namna hiyo ikicheza inakula wati 40 hadi 50. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, lakini msiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Zinabaki 600. Inveta inakula kama asilimia 15, mnabaki na 510. Hiyo ni laptopu moja kwa saa kumi, au mbili kwa saa tano. Balbu na chaja za simu zihesabiwe pia, ndizo zinazoiba bila kuonekana.

Bagira_Msomi (Bukavu) anajibu

Mimi niko na Mwalimu, kwa sehemu. Kama ni tuzo ya hadithi, mnachotakiwa kusoma ni maandishi. Tafuteni mazungumzo yote ya mchezo, yachapisheni, waamuzi wayasome kama riwaya. Betri ya nini? Na yule asiyejua kubonyeza hatabaguliwa.

Mama_Vitabu (Goma) anajibu

Ndugu Bagira, kuchapisha maandishi ni kuua kitu chenyewe mnachotaka kukihukumu. Chukua Hades. Zagreus anajaribu kutoroka kuzimu, anakufa, anarudi nyumbani kwa baba yake, na kila anaporudi watu wa pale wana maneno mapya kuhusu hicho kifo alichokufa. Kuna mistari ya sauti zaidi ya 20,000, na hakuna mchezaji anayeisikia yote kwa mpangilio mmoja. Ukiichapisha utapata rundo la salamu na kejeli, wakati ufundi wenyewe uko kwenye kuchagua ni mstari upi utoke baada ya kushindwa kupi. Hadithi inafika kwenye upatanisho wake baada ya kutoroka mara kumi. Kushindwa ndiko kunakosukuma sura.

Disco Elysium nayo: stadi 24 za mpelelezi zinaongea kichwani mwake kama wahusika, zinabishana, nyingine zinamdanganya. Ukijaribu jambo gumu unarusha dadu mbili, na majaribio ni ya rangi mbili. Yale meupe unaweza kuyarudia ukiongeza stadi, mekundu ni mara moja tu. Sita mbili zinafaulu daima, moja mbili zinashindwa daima. Mara nyingi kushindwa kunakupa tukio bora kuliko kufaulu, na kwenye karatasi huwezi kujua mwenzako alikosa nini.

Caves of Qud ndiyo itakayowagombanisha zaidi. Kila mchezo mpya, programu inatunga upya maisha ya masultani wa kale, na unayasoma yakiwa yamechorwa kwenye vihekalu na vyombo. Nani mwandishi hapo? Kwa maoni yangu ni waliotunga kanuni za kutunga, Jason Grinblat na Brian Bucklew, lakini tayarisheni jibu lenu kabla, lisije kuzuka siku ya kura.

Kipimo ninachopendekeza kwa waamuzi ni swali moja: ukitoa mkono wa mchezaji, hadithi inabaki nzima? Ikibaki nzima, hiyo ni filamu nzuri iliyofungiwa ndani ya mchezo, ipeni alama za filamu. Ikivunjika, basi usimulizi uko kwenye kucheza, na hapo ndipo cheti kinapostahili. Mchezo wa Outer Wilds unafaulu swali hilo kuliko yote ninayoijua: jua linalipuka kila baada ya dakika 22, unarudi mwanzo, na hubebi silaha wala nguvu, unabeba tu ulichokielewa. Anayejua siri yote anaweza kuimaliza kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo mwamuzi aliyesomewa muhtasari ameshaipoteza. Laptopu zenu zitasumbuka nayo, naitaja kama mfano.

Kwa wasioshika manete: Hades ina hali ya mungu kwenye mipangilio. Inaanza kwa kupunguza madhara kwa asilimia 20 na kuongeza 2 kila unapokufa, hadi 80. Haifuti mstari hata mmoja wa hadithi, kwa hiyo si aibu kuitumia. Kwenye Caves of Qud msichague hali ya kawaida, ambayo kifo kinafuta kila kitu. Chagueni ile ya kuigiza, inayohifadhi kila mnapofika makazi. Disco Elysium na Planescape zinahitaji macho na kidole cha kipanya tu.

Hesabu ya muda sasa, maana hapa ndipo mnapoweza kukwama. Tuseme wiki tano za kucheza, laptopu mbili, saa 12 kwa wiki kila moja: ni saa 120. Kila mchezo umalizwe na waamuzi wawili wasiokaa pamoja. Disco Elysium kama saa 30 mara mbili ni 60. Hades kama 25 mara mbili ni 50. Zimebaki kumi. Michezo mirefu miwili basi, na 80 Days kwenye simu. Mkiongeza wa tatu mtahukumu mwanzo wake tu, na michezo mingi ina mwanzo mzuri. Waamuzi wengine, katika wiki tatu zinazobaki, wacheze saa tatu za kwanza, kisha waletewe faili ya kuhifadhi ya matukio matatu yaliyochaguliwa. Ya Disco Elysium iko ndani ya AppData, LocalLow, ZAUM Studio; nakilini folda ya SaveGames nzima, na toleo la mchezo liwe lile lile kwenye laptopu zote mbili.

Kadutu_Kitabu (Bukavu)

Aksanti sana Mama, na Fundi, na wote. Tunachukua Disco Elysium, Hades na 80 Days, na cheti kitakwenda kwa kazi nzima. Mwalimu amekubali kucheza Disco Elysium kwa sharti kwamba hataguswa bega akisoma.

Swali la mwisho: kuna vijana wawili wanataka kuleta mchezo wao wa maandishi, kwa Kiswahili. Watumie nini kisicholipishwa?

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Twine, programu ya kutungia hadithi za kuchagua njia. Ni bure na inatoa faili moja ya HTML inayopita WhatsApp kama hati. Waisakinishe kwenye kompyuta. Ile ya kwenye kivinjari inaweka kazi ndani ya kivinjari chenyewe, na mtu akisafisha historia hadithi nzima inakwenda. Kwa muundo wachague SugarCube kama wanataka mchezaji aweze kuhifadhi na kuendelea kesho. Picha haziingii zenyewe ndani ya faili hiyo, zinabaki kando. Kwa hiyo ama wafunge folda nzima kwa zip, ama waandike bila picha. Na waamuzi wakiipokea kwenye simu waifungue kwa Chrome. Visomaji vingine vya faili vinaonyesha ukurasa wa kwanza halafu viungo havibonyezeki.