Mrejesho: haibridi yangu iliyokuwa ikilia breki

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kuhusu haibridi yangu (gari la petroli na umeme) kulia breki "kwiii" asubuhi nikikaribia kusimama. Fundi wa kwanza alitaka nibadilishe pedi na diski zote, nikamwambia nitarudi. Mpaka leo.

Jumamosi nikaenda kwa mwingine, Ngamiani hapa Tanga. Kabla ya kugusa kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) alizima gari na kuweka funguo mbali, maana pampu ya breki huweza kujiwasha ukifungua mlango tu. Hapo nikajua nimefika kwa mjuzi. Pedi bado nene, ila diski zina mduara wa kutu pembeni, na pini moja ya kalipa imekwama, kavu kama kuni. Kapiga msasa, kasafisha, kapaka grisi ya breki. Basi.

Mlionitajia kutu mlipatia: mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo huku ikichaji betri, pedi hazibani sana mpaka mwishoni, kwa hiyo kutu haisuguliwi. Na mimi nalaza gari Raskazone, ufukweni, kwenye upepo wa chumvi!

Sasa nikipata barabara tupu kuelekea Pongwe naweka N (gia huru) ili mota isisaidie kupunguza mwendo, nakanyaga breki taratibu mara mbili tatu, diski zisuguke. Siku ya tano leo, kimya.