Kapasi kidato cha sita: aende chuo kikuu au dukani kwa mjomba?

Baba Mwinyi, Jang'ombe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwanangu kapasi kidato cha sita na barua ya kujiunga na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anayo mkononi. Mjomba wake ana duka la vitambaa Darajani, anamwambia miaka mitatu ya chuo ni hasara, aje ajifunze biashara. Mama yake hataki hata kulisikia hilo. Nauliza kwa nia safi: kijana wa Zanzibar wa leo, bila digrii atafika?

Fundi wa Fuoni
Atafika. Mimi nna cheti cha mafunzo ya amali, umeme wa majumbani, na kazi hazinipi nafasi ya kulala. Juzi nimemaliza kuvuta nyaya nyumba ya ghorofa. Kijana aliyenishikia ngazi ana shahada ya utawala. Ana adabu na anashika haraka, lakini mkopo wa masomo wa Bodi bado uko shingoni mwake. Wapemba hili walilijua zamani. Wao hawasumbuki na vyuo, wanafungua duka.

Wa Wete
Fundi, hapo umetuvunjia heshima. Hatusumbuki na vyuo? Skuli ya Fidel Castro iko wapi kama si Pemba? Kampasi ya SUZA ya Mchangamdogo je? Sisi tumesomeshwa kwa karafuu. Msimu ukiingia mama zetu hukaa jamvini mpaka usiku mkubwa, wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, kiganja kinawaka moto, ili mtoto apate nauli na madaftari. Wengi waliofungua duka Kariakoo walikosa ajira, si kwamba waliichukia skuli.

Fundi wa Fuoni
Nimewasifu akili ya biashara, natukanwa!

Wa Wete
Sifa hiyo hiyo ndiyo tunayopewa kila tukiulizia kazi: "nyinyi si mna maduka yenu?" Baki nayo.

Bi Mchangani
Nyote wawili poeni. Aliyeuliza ana mtoto, hakuuliza Unguja na Pemba. Siti binti Saad alikuwa mfinyanzi wa Fumba, hajui kusoma wala kuandika, akaenda kurekodi nyimbo za taarab Bombay mwaka 1930. Mzee Karume alikuwa baharia, akawa Rais. Na pale Kinyasini kina mama wa vijijini, wengine skuli hawakumaliza, wanafundishwa kufunga umeme wa jua na wanaufunga kweli. Joho halimtengenezi mtu.

Maalim Mstaafu
Siti kwenda Bombay ilikuwa 1928, Bi. Na hao wote nawaheshimu, ila zama zao hakukuwa na tangazo la kazi linaloanza na "awe na shahada". Visiwa hivi havikuwa na chuo kikuu mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini. Leo omba kazi ya uofisa serikalini bila cheti uone kama bahasha yako itafunguliwa. Nimefundisha maisha yangu yote, na nakereka kuona watu wazima wanawapoza watoto wa wenzao. Wenu mmewapeleka wapi?

Fundi wa Fuoni
Wangu yupo chuoni Tunguu, Maalim, mwaka wa pili. Anataka ualimu, na ualimu haubahatishwi. Mimi nasema mtoto aulizwe anataka nini kwanza. Huyu Baba Mwinyi katutajia mjomba na mama, mwenyewe kijana hakusema neno.

Kijana wa Kiwengwa
Wakubwa zangu shikamooni. Njooni huku hotelini muone. Tupo vijana tunazungumza Kitaliano sawasawa, tumekiokota ufukweni tangu wadogo. Kazi tunapewa: mabegi, mapokezi, baa. Nafasi ya umeneja ikitoka tunaulizwa cheti, na analetwa mtu kutoka nje. Meneja wetu wa sasa nimemfundisha mimi mfumo wa kupokea wageni, hatua kwa hatua, na leo likizo yangu anaitia saini yeye. Kazi naijua. Karatasi ndiyo sina.

Bi Mchangani
Baa, mwanangu? Mtoto wa Kiislamu anamimina pombe na anatwambia hadharani?

Wa Wete
Bi, kijana kasema jambo zito, wewe umeona baa tu! Kazi ya halali ipo wapi hapo Kiwengwa? Mpe wewe.

Bi Mchangani
Usinipandishie sauti. Mimi ni mzazi, nitasema.

Maalim Mstaafu
Baba Mwinyi, soma maneno ya huyu kijana mara mbili.

Kijana wa Kiwengwa
Bi, nipo mapokezi, baa nimeitaja kwa kuwa wenzangu wamo humo na wana wazee wa kulisha. Siombi kusifiwa. Naomba anayejua anijibu: pale Maruhubi, kwenye masomo ya utalii ya SUZA, wanachukua wanaofanya kazi mchana? Na aliyeishia kidato cha nne anaanzia ngazi gani?